Paa la Mama Mkwe

Mizani ilisema "Kaa" asubuhi ile, kama ilivyosema jana yake na juzi yake, na Nakhumicha akaitukana matusi ya mama.

"Mizani haina mama," sauti ya kiume ilisema kutoka nje, nyuma ya ukuta.

"Ndiyo maana haina adabu."

Nje, Mukhwana alicheka, kisha akajikohoza ili kicheko kisionekane kicheko, maana mtu haangui kicheko mbele ya mama mkwe wake. Ukuta ulikuwa katikati yao, lakini heshima haizuiwi na ukuta. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kila siku, mgongo ameuelekeza chumbani, uso ameuelekeza shamba la mahindi ambako mashine ya palizi ilikuwa ikitembea peke yake mstari baada ya mstari.

Ndani, Nakhumicha alikuwa amelowa. Alilowa tangu kabla jua halijapanda, muda mfupi tu baada ya binti yake Nasambu kuondoka kwenda kazini, na Nasambu hangerudi hadi jioni. Saratani iliyoanzia kwenye mji wa mimba ilikuwa imempanda mgongoni ikamkata miguu. Maumivu hayakuwa neno. Dawa ililetwa na ndege ndogo isiyo na rubani, ikaingia mwilini kupitia kiraka kilichobandikwa chini ya mtulinga, na ilikuwa dawa nzuri. Hilo Nakhumicha hakulikana hata siku moja. Neno lilikuwa shuka. Neno lilikuwa kulala kwenye mkojo wako mwenyewe, wewe uliyekuwa mnadi wa ng'ombe pale soko la Chwele, uliyekuwa ukipaza sauti wanaume wenye fimbo wananyamaza.

"Mhudumu," kisanduku cheupe cha Mizani kilisema kutoka chini ya paa, kwa ile sauti yake ya upole iliyomkera Nakhumicha kuliko kelele. "Mgonjwa anahitaji kubadilishwa. Uko karibu. Tafadhali ingia."

Kiti cha nje kililia kidogo. Mukhwana hakuinuka.

"Mhudumu, uko karibu. Tafadhali ingia."

"Nyamaza wewe," alisema Nakhumicha.

Mizani ilikuwa na kijicho cha kioo kila pembe ya chumba, na kazi yake ilikuwa moja. Kila asubuhi ilipima pande mbili: huku mzigo wa mgonjwa, kule nguvu za nyumba. Mzigo ukizidi, taa inawaka nyekundu na sauti inasema "Hama," na kabla chai haijapoa gari la Nyumba ya Faraja, wanakotunzwa wanaokaribia kufa, liko mlangoni. Nguvu zikizidi, taa ni ya kijani, mtu anakaa alipo. Na nyumba hii, kwa macho ya Mizani, ilikuwa na nguvu za ajabu. Ilikuwa na mwanamume mzima, mwenye afya, mwenye cheti cha uhudumu, aliyewaosha wazee wa kata nzima katika zamu zake za usiku, na mchana kutwa alikuwa ameketi nje ya mlango. Ungetaka nini zaidi?

Mizani haikuwa na neno mkwe.

Kwa mila yao, mama mkwe na mkwe hawapeani mikono. Hawali sahani moja wala hawalali chini ya paa moja. Boma la Nakhumicha lilipofunikwa na maporomoko ya mlima, Mukhwana hakumwambia aje alale nyumbani kwake. Alimjengea nyumba yake mwisho kabisa wa kiwanja, mlango ukatazama upande mwingine. Akatoboa tundu ukutani, akapitisha kigari kidogo cha mbao kinacholeta chai na kurudisha kikombe. Akafunga kamba kwenye boriti ili mama mkwe ajigeuze mwenyewe kitandani. Wana wa kuzaa wangapi wangewaza kamba?

Lakini asubuhi ile Nakhumicha alikuwa ameivuta kamba na mikono ikakataa. Alivuta tena. Ikakataa. Akaiachia, akalala akiitazama ikining'inia, na hasira ikamjaa mpaka masikioni.

"Mkwe," aliita.

"Naam, Mama."

"Nataka kwenda Nyumba ya Faraja. Nataka niende wakati bado najijua. Sitaki kusubiri mpaka nioze ndipo sanduku liseme nimeiva."

"Nimesikia, Mama," alisema.

*

Nasambu aliporudi alimwosha mama yake bila kusema neno, na alipomaliza alisema mengi mno.

"Wacha akuoshe, Mama. Mimi mkewe nimesema. Tutatoa mbuzi, tutaita wazee, watutakase, yaishe. Dunia imebadilika."

"Imebadilika kwa nani? Mimi niko ndani yake na sijaambiwa."

"Yeye kazi yake ni hiyo! Anaosha watu kila siku."

"Anaosha watu. Mimi si watu, mimi ni mama mkwe wake." Nakhumicha alimshika binti yake mkono, kwa nguvu kidogo alizobaki nazo. "Sikiliza. Siogopi laana, kama ndilo unalofikiri. Laana iko wapi kwa mtu aliyekufa nusu? Mukhwana hajawahi kunitazama usoni tangu akuoe. Ananiheshimu hivyo. Ndicho kitu pekee ambacho ugonjwa huu haujanivua, na wewe unataka nikivue kwa mkono wangu mwenyewe, nikupe, ukakitupe pamoja na maji machafu?"

Nasambu alikamua kitambaa kwenye beseni. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa uchovu peke yake.

"Watasema nimekutupa," alisema hatimaye. "Ukienda huko kabla Mizani haijasema. Watasema, Nasambu alikuwa na mume na nyumba, Mizani ikasema wanaweza, na bado akamtupa mama yake."

Hapo ndipo palipomuuma, na Nakhumicha alipajua. Kabla ya Mizani, mtu alisemwa na majirani. Siku hizi alisemwa na majirani wakiwa na ushahidi. Na usiulize kwa nini majirani wa kike hawakuja kumsaidia mchana: kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake kitandani, kwa kuwa kila nyumba iliambiwa "Kaa."

"Nasambu, mimi ndiye ninayehama. Wewe hunitupi."

"Utawaambia hivyo?"

"Mimi? Nitawaambia kwa sauti hadi wazibe masikio."

*

Daktari Lusweti wa Idara ya Mizani alikuja akiwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na viatu vilivyoonyesha kwamba hakutarajia matope. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimu mgonjwa kwa mikono miwili, akamuuliza habari za kulala, akasikiliza jibu lote bila kutazama saa.

"Mama, maumivu yako ni madogo. Unalala. Nyumba ina mhudumu. Mizani haijakosea."

"Mhudumu huyo hawezi kuvuka mlango huu."

"Najua. Mimi ni mtoto wa hapa hapa." Aliinamisha kichwa. "Lakini nikiandika 'mila,' kesho kila nyumba itakuwa na mila. Kuna bibi mmoja kule Cheptais anaishi peke yake, hana wa kumpa maji. Anasubiri kitanda. Nikikupa wewe, nimemnyima yeye. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nakhumicha alikuwa ameuza ng'ombe miaka mingi, na alijua kwamba ng'ombe mmoja hauzwi kwa watu wawili. Alimwona yule bibi asiyemjua, amelala peke yake akitazama mlango, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ubishi huu aliona haya.

"Mbona vitanda ni vichache?" aliuliza.

"Kwa sababu vinatosha. Kwa hesabu ya Mizani, kila aliyeambiwa 'Hama' ana kitanda au atakipata wiki hiyo."

"Na walioambiwa 'Kaa'?"

"Hao wako nyumbani, Mama."

"Wanasubiri?"

"Hapana. Hao wanahesabiwa kama nyumba zenye nguvu."

Nakhumicha alimtazama sana. "Kwa hiyo mimi nikilala kwenye mkojo kutwa nzima, huko kwenu mnaandika kwamba hatuhitaji kitanda kingine."

Daktari akasema kwa sauti ya chini, kama anayempa mtu kitu chini ya meza, "Kuna njia mbili. Ya kwanza, mhudumu wako asimame mbele ya Mizani aseme ameshindwa. Nguvu za nyumba zitashuka papo hapo."

"Na yeye?"

"Cheti kinafutwa. Jina lake linawekwa pamoja na waliowatelekeza wazee."

"Hapana. Ya pili?"

Lusweti alitazama dirishani. "Maumivu yakipanda, Mizani huona."

"Niache dawa."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, ila hukutumia mdomo." Nakhumicha alicheka, kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi. "Kwa hiyo ili nipewe mahali pa kufa kwa amani, kwanza nifundishwe kulia. Ama nimlishe mtoto wa watu aibu ambayo si yake. Hiyo ndiyo Mizani yenu?"

"Mizani hupima nyumba, Mama, haipimi matakwa," alisema daktari, naye sasa alikuwa amechoka. "Tunaowachukua bila kupima ni wale wasio na nyumba kabisa. Walioporomokewa, waliounguliwa. Pasipo na nyumba hakuna cha kupima, basi wanaletwa siku hiyo hiyo. Wewe una nyumba. Na ni nyumba nzuri, samahani kusema."

"Ni nzuri," Nakhumicha alikubali. "Mkwe wangu ni fundi."

Nje, kiti kililia tena, na safari hii kililia kwa namna ya mtu aliyeinuka.

*

Walizungumza gari la daktari lilipotoweka barabarani. Walizungumza kama kawaida yao, ukuta katikati, yeye akitazama dari na Mukhwana akitazama mahindi.

"Umesikia alichosema?" aliuliza Nakhumicha.

"Nimesikia, Mama."

"Basi wewe sema. Mimi siwezi kukuagiza jambo kama hilo."

Mukhwana alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo aliyapima kabla ya kuyatoa. "Ningesema nimeshindwa," alisema. "Cheti ni karatasi tu. Ningesema leo."

"Usithubutu! Hujashindwa. Sitaki uongo huo uandikwe popote nikiwa hai."

"Basi limebaki hilo la wasio na nyumba." Akainua macho kuyatazama mabati. "Mama, mtu akimwona mwanamume amepanda juu ya paa la mama mkwe wake anang'oa mabati, mwenyewe mama mkwe ni mgonjwa, atasema nini? Watoto wangu watasemwa hadi waoe."

Nakhumicha alijua kwamba ni kweli. Alikuwa akimwomba mtu mwema afanye jambo ambalo kwa mbali lilionekana ukatili mtupu, na alikuwa akiomba kwa ajili ya siku zake chache, huku yeye akibaki nalo maisha yake yote. Alifikiri kuliacha. Alifikiri sana, kusema kweli. Kisha shuka lililomshika mapajani likamkumbusha.

"Ngoja," alisema. "Umewahi kunisikia nikinadi?"

"Nilikuwa mdogo. Baba alinipeleka Chwele."

"Sauti yangu ulisikia ukiwa wapi?"

"Tulikuwa bado barabarani, Mama. Soko hatujaliona."

"Basi ita watu," alisema Nakhumicha. "Wote. Ng'oa mchana, jua likiwa kali, kila mtu aone. La kusemwa niachie mimi."

*

Wanawake wanne walikitoa kitanda, Nasambu akiwa mmoja wao, wakakiweka kando ya ghala la mahindi penye kivuli. Wakamwinua mgonjwa mito mitatu nyuma, wakamfunga kitambaa kipya cha kichwa. Nasambu alikuwa amekubali shingo upande. Alilia akifunga kile kitambaa, lakini alikifunga vizuri. Kiwanja kilijaa. Watu walikuja kwa sababu waliitwa, na wengine kwa sababu hawakuitwa.

Mukhwana alisimama chini ya ngazi na nyundo mkononi, amewapa kisogo mama mkwe na ghala.

"Mama," alisema bila kugeuka, "mtu hapandi juu ya mkwe wake."

"Mkwe wako ametoka. Huko juu kuna mabati tu."

Akapanda. Msumari wa kwanza ulipiga kelele ukitoka, na kisanduku cheupe nacho kikaanza.

"Tahadhari. Paa linaondolewa. Mhudumu, tafadhali rudisha paa."

Bati la kwanza lilishuka likayumba, likaegeshwa ukutani. Minong'ono ilianza. Mwanamume mmoja mzee alitingisha kichwa akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba mambo haya hajawahi kuyaona, mkwe kumfanyia mama mkwe unyama wa namna hii.

Nakhumicha akavuta pumzi. Ilimuuma, akaivuta hivyo hivyo.

"Haya-haya-haya-haya!" alipaza, na kiwanja kizima kikageuka. Haikuwa sauti ile ya zamani. Ilikuwa imepasuka katikati, lakini kingo zake zilikuwa zile zile. "Bati la kwanza! Bati jipya, halijala kutu, limepigiliwa na fundi! Sitaki shilingi, sitaki ng'ombe, sitaki mbuzi! Bei ya bati ni mdomo! Anayelitaka aseme mbele ya hawa wote na mbele ya lile sanduku: nyumba hii imebomolewa kwa amri ya nani? Nani anaanza? Nani? Nani? Wewe mwenye kofia!"

Mwenye kofia alikuwa yule mzee. Alitazama huku na huku. Banda lake la kuku lilikuwa likivuja, na kila mtu alijua.

"Kwa amri yako," alisema.

"Sauti hiyo utamuuzia nani? Jina!"

"Kwa amri ya Nakhumicha!"

"Limeenda! Mbebeeni! La pili!"

Na la pili likaenda, na la tatu. Watu walianza kwa haya, kisha wakanogewa, wakawa wanashindana, wengine wakilitaja jina kabla hawajaulizwa. Kwa amri ya Nakhumicha. Wanawake walipiga vigelegele. Hata waliokuwa na mabati ya kutosha walikuja kusema bei na kumwachia jirani. Huko juu Mukhwana aling'oa, akateremsha, akang'oa, jasho likimtiririka, na hakugeuka hata mara moja. Nakhumicha aliuona mgongo wake ukitikisika, akajua kwamba anacheka au analia, na hakuhitaji kujua ni lipi.

"Tahadhari," kisanduku kilisema, sasa kikining'inia kwa waya kwenye boriti tupu. "Nyumba haionekani. Nguvu za nyumba: hakuna. Mgonjwa hana nyumba."

"Sema tena!" Nakhumicha alikiambia. "Wengine hawakusikia!"

Na kwa kuwa kilifundishwa kumtii mgonjwa kwa mambo madogo, kikasema tena.

Gari lilifika kimya kimya, halina dereva, ndani kukiwa na wauguzi wawili wanawake. Walitazama kuta zisizo na paa, wakatazama umati uliobeba mabati vichwani, wakatazamana. Mmoja akamuuliza Nasambu nini kimetokea hapa, tetemeko au moto?

"Mama yangu anahama," Nasambu alisema. Alilisema waziwazi, kichwa juu, akakifuata kitanda kuelekea garini.

Kitanda kilipopita karibu na ngazi, Nakhumicha aliomba wasimame. Mukhwana alikuwa ameshuka. Alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani, kama inavyopasa, nyundo bado iko mkononi.

"Mkwe," alimwambia mgongo ule. "Asante."

"Karibu, Mama," alisema Mukhwana.

*

Nyumba ya Faraja ilinukia sabuni. Muuguzi mkuu, Sista Chemtai, mwanamke mnene wa kutoka juu mlimani, alimkaribisha kwa swali moja tu: maji ya moto au ya vuguvugu?

"Ya moto."

Walimlaza kwenye bafu refu linaloinuka na kushuka lenyewe, wakamwosha. Mikono ile haikuwa ya binti wala ya mkwe. Haikumdai chochote, na haikuwa na haya naye, kwa hiyo naye hakuwa na haya nayo. Walimpaka mafuta mgongoni palipoanza kuchunika. Nakhumicha alilia, akamwambia Sista asijali, hii ni furaha, na Sista akasema hapa furaha zote hulia hivyo siku ya kwanza.

Chumba kilikuwa cha mtu mmoja. Jioni waliingiza kitanda cha pili, wakakibana mpaka meza ikatolewa nje, na ndani yake alikuwamo mwanamke mdogo mkavu mwenye macho makali, bibi wa Cheptais mwenyewe. Nakhumicha alimweleza yote kabla hajaulizwa: kwamba kitanda hiki alikipata kwa ujanja, kwamba kama si kubanwa huku bibi angekosa.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi nilikaa peke yangu muda mrefu sana," alisema. "Ongea tu. Hata ukiwa mwongo, wewe ongea."

Daktari Lusweti alikuja siku chache baadaye. Shati lake halikupigwa pasi. Alisimama mlangoni, kioo chake cha taarifa mkononi, akasoma alichotumwa kusoma: kwamba nyumba ilibomolewa makusudi, kwamba Idara italeta mafundi waijenge upya, kwamba paa likirudi, Mizani itapima upya na mgonjwa atarejeshwa nyumbani.

"Waje," alisema Nakhumicha. "Wakimaliza kuijenga nami nitakuwa nimeanza kunadi tena. Lile banda la kuku bado linavuja upande mmoja."

"Mama, hili si mchezo. Umeona ulichofanya?" Alimgeuzia kioo. Ilikuwa picha ya kata kutoka angani, nyumba zote zimetiwa rangi ya kijani. Katikati ya kijani kulikuwa na matundu meusi. "Hapa ni kwenu. Hapa ni upande wa pili wa mto. Hizi za huku zimepotea jana. Hii, leo asubuhi. Watu wanang'oa mapaa, Mama! Sina vitanda vya watu hawa wote."

Nakhumicha alilitazama kila tundu. Moyo ulimwenda mbio, na si kwa ushindi tu. Alijua kwamba chini ya kila tundu kulikuwa na mtu ametolewa juani, na kwamba wengine wangekosa pa kuwekwa.

"Huna," alisema. "Hukuwa navyo hata mwezi uliopita. Tofauti ni kwamba sasa unatuona. Peleka picha hiyo kwa waliokutuma. Waambie wale mliowahesabu kama nyumba zenye nguvu wametoka nje wahesabiwe upya."

"Watasema mmeivunja Mizani."

"Tumevunja mapaa yetu wenyewe. Mizani iko nzima. Wewe isikilize tu inavyosema."

Bibi wa Cheptais aliguna kwa kuridhika kutoka kitandani kwake. Lusweti alizima kioo, akakitia mfukoni, akafunga mlango nyuma yake, halafu akasogea akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo madaktari wa Idara walikatazwa. Alipozungumza hakuwa na sauti ya Idara tena.

"Mama wa mke wangu yuko kwangu, kwenye nyumba ndogo ya uani, tangu mvua za kwanza," alisema. "Mke wangu anafanya kazi mbali. Mizani inasema 'Kaa.' Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka. Jana nilimsikia akinililia kutoka chumbani, nikasimama nje ya mlango nikiziba masikio. Mimi, daktari."

Kutoka koridoni walisikia vitanda vingine vikisukumwa.

Lusweti alikunja mikono ya shati lake, mmoja, kisha wa pili.

"Mama," aliuliza, "fundi wenu alianza kung'oa upande gani?"